Kipimo Kabla ya Kipuri: Kumlea Fundi Umeme wa Magari



Nimeombwa nizungumzie mafunzo kwa vitendo ya kutafuta hitilafu za umeme wa magari. Sitaanza na mitaala. Nitaanza na gari, maana mazungumzo ya ufundi yasipokuwa na gari mbele yake huelea hewani.

Tuchukue gari dogo la petroli, la aina iliyojaa barabarani kwetu, lililotumika Japani likaja huku kwa meli. Kila asubuhi likipigwa stata linazunguka kivivu. Mara linashika, mara linakataa mpaka libustiwe. Mwenyewe ameshanunua betri mpya. Amekwenda gereji, akabadilishiwa stata. Likakaa sawa siku chache, ugonjwa ukarudi. Sasa anaambiwa swichi ya kuwashia ndiyo mbovu, na kama si hiyo basi ni alteneta. Gari la namna hii kila mmoja wetu amewahi kuliona.

Fundi aliyefundwa vizuri anafanya nini hapo? Anachukua mita, anaiweka kwenye volti, anamwomba mtu apige stata, na anapima mahali panne stata ikiwa inazunguka. Kwanza anapima kati ya teminali mbili za betri: 10.9. Hiyo ni betri nzima iliyobebeshwa mzigo. Pili anapima kwenye stata yenyewe, kati ya boliti yake kubwa na bodi yake: 8.9. Kumbe volti 2 zinatoka kwenye betri na hazifiki. Zinapotelea njiani, na njia ziko mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Anaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye boliti ya stata: 0.3. Njia ya kwenda ni salama. Anaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya stata: 1.7. Amepata. Anaufuata ule waya mnene wa hasi, anapima kipande kwa kipande, mpaka anafika ulipofungwa kwenye injini, chini ya boliti iliyoota ukungu mweupe na kijani. Anaifungua, anasugua chuma mpaka king'ae, anafunga, anapaka grisi juu yake. Anapima tena: 0.2. Gari limepona, na hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Kazi yote hiyo ni ya nusu saa. Betri na stata zilizotangulia zilikuwa gharama ya kubahatisha.

Nimelitanguliza gari hili kwa sababu ndani yake mna hoja yangu nzima. Fundi umeme ni mtu anayejua kupima njia ya umeme wakati inafanya kazi, ikiwa imebeba mzigo wake halisi. Ujuzi huo hauingii kwa kunakili ubaoni, wala kwa kusimama nyuma ya fundi mkuu ukimwangalia mgongo. Unaingia mwanafunzi anapokabidhiwa gari lenye hitilafu asiyoijua, akaachwa nalo, akatakiwa athibitishe kwa namba.

Kuna anayejiuliza kwa nini waya ule haukugunduliwa mapema. Uwezekano mkubwa ni kwamba ulipimwa, lakini kwa njia isiyofaa. Mita iliwekwa kwenye omu, ikaonyesha karibu na sifuri, waya ukahesabiwa kuwa mzima. Mita haikukosea. Tufanye hesabu ndogo, ileile aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827. Tuseme stata inakula ampea 150. Volti 1.7 zikigawanywa kwa ampea 150, tunapata ukinzani wa omu 0.011 hivi. Sasa chukueni mita ya kawaida, gusanisheni ncha zake zenyewe kwa zenyewe: mara nyingi itasoma omu 0.2 au 0.3. Maana yake nyaya za mita peke yake zina ukinzani mara ishirini ya ule tunaoutafuta. Tena mita inapopima omu hupitisha mkondo mdogo mno, kama sehemu moja ya elfu ya ampea au chini ya hapo. Waya uliokatika karibu nyuzi zake zote ukabakiwa na uzi mmoja utaupitisha mkondo huo bila tabu yoyote. Udai ampea 150, utashindwa. Na volti zile 1.7 hazipotei bure: zikizidishwa kwa ampea 150 ni wati 255 za joto kwenye kiungo kimoja. Ndiyo maana mafundi wazee, baada ya kupiga stata mara kadhaa, hupitisha vidole kwenye viungo kutafuta penye moto. Walikuwa wanapima upotevu wa volti kwa ngozi.

Kama ningepewa nafasi ya kuchagua somo moja tu la wiki ya kwanza, lingekuwa hili. Kabla ya ramani za nyaya, kabla ya mashine za kusoma misimbo, mwanafunzi apime volti zinazopotea. Mafundi wengi duniani hukubali upotevu usiozidi nusu volti kwenye njia nzito ya stata, na sehemu moja au mbili za kumi za volti kwenye kiungo cha ethi, yaani cha njia ya kurudi. Viwango hivyo avijue kwa moyo kama anavyojua namba za spana.

Nisieleweke kwamba nawadharau mafundi wa mtaani. Nenda Gerezani hapa Dar es Salaam, nenda Grogan jijini Nairobi, nenda Kisekka jijini Kampala: utakuta watu waliojifunza kwa kukaa na fundi, wakianza na kuosha vyuma na kushika tochi, ambao leo wanaweza kusuka upya koili za alteneta au kufufua rilei ambayo kiwandani ingetupwa. Sikio lao linajua injini inayokosa moto kabla hujafungua boneti. Utaratibu ule wa kujifunza ulifaa sana kwa magari ya wakati wake. Gari la kabureta lilikuwa na nyaya chache, na sehemu zake za umeme zilihesabika: betri, stata, alteneta, koili, platini, taa, honi. Kubadilisha kimojawapo ili kuona kama ndicho kibovu kulikuwa na mantiki, kwa sababu vilikuwa vichache na vya bei nafuu.

Gari lilibadilika. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilileta mfumo wa D-Jetronic, uliofungwa kwenye Volkswagen 1600, ambamo kisanduku cha elektroniki ndicho kinachoamua nozeli imwage petroli kiasi gani. Toka hapo visanduku vimeongezeka mpaka gari moja la familia likawa navyo kadhaa: cha injini, cha gia, cha breki, cha mifuko ya hewa, cha milango. Kubahatisha kipuri kwenye gari la namna hii ni kubahatisha kati ya mamia, na kipuri kimoja kinaweza kuwa na bei ya mshahara wa miezi.

Hospitali zetu zimepita njia hii. Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria, na dawa ilitolewa kabla ya damu kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka kikasambaa mpaka kwenye zahanati za vijijini. Mgonjwa leo akipewa dawa bila kipimo anahoji. Mwenye gari bado hahoji, na hilo nitalirudia baadaye.

Sasa tuingie karakana ya mafunzo. Gari la mafunzo si lazima liwe jipya. Lililogongwa nyuma, injini na nyaya zikiwa nzima, latosha kabisa. Kinachohitajika ni mkufunzi mwenye subira ya kulitega. Nieleze mtego mmoja ninaoupenda, kwa sababu unafundisha zaidi ya kitabu kizima.

Mkufunzi anafungua ganda la waya unaopeleka umeme kwenye taa kubwa ya upande mmoja. Anaukata, anaunga katikati yake kikinza kinachovumilia joto, anakificha kwenye chuma cha bodi kiasi kwamba hakuna anayeona kitu. Taa inawaka hafifu, rangi ya karoti. Mwanafunzi anaitwa. Karibu kila mara atachomoa plagi ya taa, atapima kwenye plagi, ataona volti 12.6, na atatangaza kwamba umeme unafika, taa ndiyo mbovu. Mkufunzi hasemi neno. Anampa taa mpya. Mwanafunzi anaifunga. Rangi ya karoti vilevile.

Hapo ndipo darasa linapoanza. Plagi ilipochomolewa, mkondo ulikatika, na bila mkondo hakuna volti inayopotea. Hata njia yenye ukinzani mkubwa itaonyesha 12.6 kamili. Mkufunzi anamwambia airudishe plagi, apime kwa nyuma yake taa ikiwa inawaka. Sasa mita inasoma 7. Taa ya wati 60 inataka ampea 5, na kikinza kile kilichofichwa hakiziruhusu zote zipite. Kijana aliyepitia hapo kwa mikono yake hatapima tena saketi iliyochomolewa akaiamini, maisha yake yote. Ningeweza kumweleza jambo hilo kwa dakika mbili ubaoni, akalijibu vizuri kwenye mtihani, na akalisahau siku ya kwanza gereji.

Kuna sharti moja la karakana hii ambalo wanafunzi hulilalamikia, nami nalishikilia. Kabla ncha ya mita haijagusa chochote, mwanafunzi aandike kwenye daftari namba anayoitegemea. Aandike: hapa nategemea 12 na kitu; hapa nategemea sifuri; waya huu wa sensa nategemea 5. Kisha apime, aandike alichopata kando yake. Namba isiyo na tarajio haisemi kitu. Mtu anayepima bila kutarajia huwa anakusanya namba tu, na akimaliza hana analolijua zaidi ya alipoanza. Anayetarajia 5 akapata 0.4 amepewa habari: ama waya umekatika kabla ya hapo, ama umegusa bodi, ama sensa nyingine inayokula kwenye waya uleule wa volti 5 imepiga shoti na kuvuta zote chini. Sasa ana mambo matatu ya kuchunguza. Anachomoa sensa mojamoja huku akiangalia mita. Ikirudi 5 ghafla, ameshampata mhusika.

Ulinganisho wa tarajio na jibu ndio ufundi wenyewe. Ndiyo maana nataka magari manne yenye wanafunzi wanne wanne kuliko gari moja lililozungukwa na kumi na sita, ambapo wawili wanagusa na wengine wanaangalia migongo.

Tuje kwenye mashine. Kila gereji inataka mashine ya kupimia, na wateja huziona kama mashahidi wasiosema uongo. Tuelewe zilikotoka. Marekani ililazimisha magari madogo yote ya mwaka wa 1996 kuendelea yawe na mfumo mmoja wa kujichunguza, OBD-II, wenye tundu moja la pini 16. Lengo lilikuwa hewa safi: taa ya injini iwake gari linapochafua hewa kupita kiasi. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi tunayoyaleta yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambalo halikubanwa na sheria hizo. Basi unaweza kukuta tundu la pini 16 lilelile chini ya usukani, ukachomeka mashine ya bei nafuu, isipate jibu. Gari si bovu. Lugha yao haifanani. Mwanafunzi afundishwe kwamba kwenye tundu lile pini ya 16 ina umeme wa betri na pini za 4 na 5 ni ethi, ili mashine isipowaka kabisa aanze kwa kupima hapo badala ya kuhukumu kompyuta ya gari.

Na mashine inapojibu, imejibu nini? Tuseme imetoa P0340. Wengi husoma: sensa ya kamshafti imekufa, nenda dukani. Msimbo haukusema hivyo. Umesema kompyuta haikuridhika na saketi ya sensa ya kamshafti. Ndani ya saketi mna sensa, mna plagi, mna nyaya, aghalabu tatu: wa umeme, wa ethi, wa ishara. Mna pia kompyuta yenyewe, na mna cheni ya injini ambayo ikiruka jino ishara huja wakati usio wake. Mwanafunzi apime umeme upo, ethi ipo, ishara inapanda na kushuka injini ikizungushwa. Waya uliosuguliwa na chuma cha injini mpaka ganda likaisha huwa kwenye mikunjo, pale kibano kilipotolewa na aliyetengeneza mara ya mwisho na hakikurudishwa. Naomba sana wanaofungua injini warudishe vibano. Ni vitu vidogo vya plastiki, lakini kiwanda hakikuviweka kwa urembo.

Kufuta msimbo ili taa izime si matengenezo. Aliyefuta kabla ya kuandika amefuta ushahidi.

Visanduku vya gari huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na hapa mafundi wengi huogopa bila sababu. Bosch ilitangaza mfumo uitwao CAN mwaka 1986: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo visanduku vyote hutumia kwa zamu. Kila mwisho wa njia hiyo kuna kikinza cha omu 120. Vikiwa viwili sambamba, ukipima kati ya nyaya hizo mbili betri ikiwa imefunguliwa, unapata omu 60. Kwenye tundu la pini 16, nyaya hizo hupatikana pini za 6 na 14 kwa magari yanayotumia mfumo huo hapo. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Gari lililowasha taa zote za dashibodi kwa mpigo, ABS, injini, usukani, likionekana limeharibika kila kitu, mara nyingi lina jambo moja tu kwenye nyaya hizo mbili, na mita ya kawaida imekuelekeza kwa sekunde tano. Kipimo hiki, tofauti na kile cha waya wa stata, ni halali kukifanya kwa omu. Fundi ajue lini omu inasema kweli na lini haiwezi kuona.

Kuna pia gari linalolala zima na kuamka betri imekufa. Hili linahitaji utulivu kuliko vifaa. Gari lililozimwa huendelea kula umeme kidogo, kwa saa, kwa alamu, kwa kumbukumbu za kompyuta, na mafundi wengi hukubali hadi ampea 0.05. Kwa siku nzima hiyo ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 huvumilia. Ikila ampea 0.5, kwa siku mbili imekula 24, zaidi ya nusu ya betri. Mwanafunzi mwenye haraka hufungua mlango, anaweka mita, anaona ampea 3, anaanza kuchomoa fyuzi. Amepotea. Mlango ulipofunguka visanduku viliamka, na vinahitaji muda kulala tena, magari mengine hata zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo kwanza alifunge komeo la mlango kwa bisibisi, mlango ukiwa wazi, gari liamini kwamba umefungwa. Afungue boneti na kisanduku cha fyuzi. Aweke funguo mbali. Angoje. Kisha asichomoe fyuzi hata moja, kwa sababu kuirudisha huamsha tena. Apime volti juu ya kila fyuzi, kwenye vitundu viwili vidogo vya mgongo wake, mita ikiwa kwenye milivolti. Fyuzi isiyopitisha kitu itasoma sifuri. Inayopitisha mkondo itaonyesha milivolti chache, au hata sehemu ya milivolti. Ni upotevu wa volti uleule wa somo la kwanza, umekuja kwa umbo dogo.

Kwetu pwani kuna mwalimu mwingine, naye ni chumvi. Kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba zaidi, hewa ya bahari huingia kila palipotobolewa. Ndiyo maana nawakataza wanafunzi kutoboa ganda la waya kwa ncha ya testa. Tundu dogo lile hubaki, unyevu wa chumvi hupenya, shaba hugeuka unga wa kijani ndani kwa ndani, na baada ya mwaka gari linarudi na hitilafu iliyozaliwa na kipimo. Pimeni kwa nyuma ya plagi, kwa sindano nyembamba, pole pole, na mkimaliza rudisheni mpira wake.

Pamoja na chumvi kuna nyaya zilizoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Alamu, redio, taa za ziada, vifaa vya kufuatilia gari lilipo. Kenya imekuwa na vidhibiti mwendo kwenye matatu tangu kanuni za waziri Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004. Nchini Tanzania mabasi hufungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Vifaa hivi vina faida kubwa kwa maisha ya watu. Lakini kila kimoja kimechukua umeme mahali fulani, na kama aliyekifunga alichuna waya, akazungusha mwingine juu yake na kufunika kwa utepe, amepanda hitilafu ya kesho. Mafunzo ya kufunga na mafunzo ya kutafuta yasitenganishwe. Anayejua kutafuta hufunga vizuri, kwa sababu ameshaona mwisho wa kufunga vibaya.

Nina neno zito kuhusu usalama. Waya wa rangi ya njano unaokwenda kwenye usukani na dashibodi ni wa mifuko ya hewa. Hakuna testa hapo, hakuna mita ya omu hapo. Mkondo mdogo waweza kuulipua mfuko usoni mwa kijana. Nyaya za rangi ya chungwa ni za magari mseto na ya umeme. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Kizazi chake cha pili kina betri ya volti 201.6, ambazo hupandishwa hadi 500 kwa ajili ya mota. Magari hayo yako mitaani kwetu tayari, yaliyotumika, yenye miaka yake, na yanafunguliwa chini ya miembe. Volti 12 zilitulea tukazoea kushika bila woga. Volti 201 zinaua, na haziangalii uzoefu. Mwanafunzi asiguse gari la namna hiyo kabla hajapewa glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1000, akafundishwa kuchomoa plagi ya usalama, kungoja muda uliowekwa na mtengenezaji ili umeme uliohifadhiwa uishe, na kuthibitisha kwa mita kwamba kweli umekwisha. Chuo kisicho na glavu hizo kisifundishe somo hilo kwa maneno tu. Kingoje mpaka kizipate.

Sasa nirudi kwa mwenye gari, kama nilivyoahidi, kwa sababu hata mafunzo bora hayatadumu gereji kama malipo yanamwadhibu anayepima. Leo mteja akilipa stata na ufundi wa kuifunga, analipa bila ugomvi, kwa kuwa anaiona ile stata ya zamani chini. Fundi akimwambia, nimepima saa moja, nimesugua ethi moja, nipe pesa ya upimaji, mteja anaona ameibiwa. Kwa hiyo fundi mwaminifu anayejua kazi hupata kidogo kuliko anayebahatisha. Kijana anatoka chuoni na daftari lake la matarajio, anafanya kazi miezi michache, anagundua kwamba nidhamu yake haimlishi, anaiacha. Namlaumu kwa nusu tu.

Wenye magari, ombi langu kwenu ni hili: muulizeni fundi amepima nini na amepata namba gani, kisha mlipeni kwa jibu hilo. Wenye gereji, wekeni mstari wa upimaji kwenye risiti, wenye bei yake, na chini yake andikeni namba: betri imesoma ngapi ikizunguka, ethi imepoteza ngapi kabla, ngapi baada. Mteja hahitaji kuelewa volti ili aone kwamba 1.7 imekuwa 0.2. Namba hizo humlinda pia fundi, gari likirudi baada ya mwezi na tatizo jingine.

Kwa upande wa vyuo, mamlaka tunazo. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 1994. Kenya ina NITA na vyuo vyake vya ufundi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpa cheti fundi aliyejifunza nje ya darasa baada ya kumpima anachokijua. Ni utaratibu mzuri sana, na ninaomba sehemu ya umeme wa magari ikamilishwe hivi: mtahiniwa asiulizwe kutaja kazi za alteneta. Apewe gari lililotegwa hitilafu mbili, mita moja, ramani ya nyaya, na saa mbili. Ruhusa ya kubadilisha kipuri asipewe mpaka aandike namba zinazokihukumu. Mtahini asome daftari lake kabla ya kuangalia kama gari limewaka, kwa kuwa gari laweza kuwaka kwa bahati. Fundi wa Gerezani aliyekaa miaka ishirini na injini atafaulu mtihani huo akifundishwa wiki chache za mita, na mhitimu wa chuo aliyesoma kwa kunakili ataanguka, akarudi karakana. Wote wawili watakuwa wametendewa haki, na vyeti vitakavyotoka hapo vinaweza kubandikwa kwenye ukuta wa gereji bila mteja kulazimika kubahatisha.

Mita ziko mezani, na gari la taa ya karoti liko hapo uwanjani; anayetaka kujaribu aje na daftari.